Angani Nako Kuna Kujaa na Kupwa



Safari za Mbuchi hazifuati saa ya ukutani. Zinafuata maji. Maji yakijaa, mtumbwi unaingia hadi karibu na nyumba. Maji yakipwa, mtumbwi unakaa juu ya tope. Hata mwenye haraka hungoja.

Usiku mmoja wa mwezi wa Desemba nilikuwa nangoja maji pamoja na mzee mmoja mvuvi. Ilikuwa saa tatu. Mwezi haukuwapo. Nyota zilijaa angani. Mzee akanyoosha mkono upande wa kusini, juu ya mikoko, akaniuliza:

"Bwana Shamba, unayaona yale mawingu mawili madogo? Mimi nayaona tangu utoto wangu. Kusi ikivuma hayaendi. Kaskazi ikivuma hayaendi. Ni mawingu gani hayo yasiyochukuliwa na upepo?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, mimi nimesomea mpunga na wadudu wa mpunga. Nipe muda nikaulize."

Akacheka. "Haya, mwanangu. Lakini usikawie. Mimi ni mtu mzima."

Nimeuliza na nimesoma. Jibu nililolipata limenishangaza, kwa sababu linahusu mambo mawili ambayo mkulima wa Mbuchi anayajua vizuri: kujaa na kupwa kwa maji, na mbegu. Leo nakueleza na wewe.

SI MAWINGU YA MVUA

Kwanza uyaone mwenyewe. Chagua usiku wa giza katikati ya Desemba, mbingu ikiwa safi. Saa tatu usiku simama mahali pa wazi, utazame kusini. Nyoosha mkono mbele yako ukunje ngumi. Pima ngumi mbili na kidogo kutoka mwisho wa nchi kwenda juu. Hapo utaona madoa mawili meupe, kama moshi. Kubwa liko upande wa kushoto. Dogo liko upande wa kulia. Kati yao ni nafasi ya ngumi mbili hivi.

Wataalamu huyaita Mawingu ya Magellan. Magellan alikuwa baharia Mreno aliyeondoka Hispania mwaka 1519 katika safari ya kuizunguka dunia. Yeye hakuyagundua. Watu wa kusini mwa dunia walikuwa wakiyaona miaka mingi kabla yake.

Mawingu haya si mvuke wala moshi. Kila moja ni kundi kubwa la nyota, nyingi mno hata hazihesabiki kwa macho. Kundi kubwa namna hii huitwa galaksi.

Na sisi tumo ndani ya galaksi. Jua letu ni nyota moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 za galaksi yetu. Ule mkanda mweupe unaokatiza mbingu usiku ndio galaksi yetu, tunapoitazama tukiwa ndani yake. Tuko kama mtu aliye katikati ya msitu wa mikoko. Haoni umbo la msitu. Anaona miti imemzunguka.

Mawingu ya Magellan ni jirani zetu, lakini ujirani wa angani ni wa mbali sana. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Nuru ya jua hufika shambani kwako baada ya dakika nane na kidogo. Nuru ya wingu kubwa hutumia miaka kama 160,000 kutufikia. Ya wingu dogo hutumia miaka kama 200,000. Basi nuru unayoiona leo ilianza safari zamani sana.

GESI NI MBEGU YA NYOTA

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katika galaksi hakuna nyota peke yake. Katikati ya nyota kuna gesi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni. Usidhani ni kitu kigeni. Maji ya mto Rufiji yana haidrojeni ndani yake. Maji yote ni haidrojeni iliyoungana na oksijeni.

Gesi hii ndiyo mbegu ya nyota. Inapopoa hujikusanya. Ikijikusanya, uzito wake wenyewe huibana. Ikibanwa sana katikati huwa na joto kali. Mwisho haidrojeni huanza kugeuka kuwa heliamu, na nuru hutoka. Hapo nyota imezaliwa. Jua letu lilizaliwa hivyo, miaka kama bilioni 4.6 iliyopita.

Gesi ya galaksi haikutandazwa sawasawa kama uji katika sahani. Mahali pengine imekusanyika mafungu mafungu. Pengine imenyooka kama nyuzi. Pengine kuna mashimo makubwa yasiyo na kitu. Katika lile wingu kubwa kuna fungu la gesi ambalo wataalamu huliita Tarantula. Tarantula ni aina ya buibui mkubwa. Nyota nyingi zinazaliwa humo hata leo.

Na mashimo je, huchimbwa na nani? Huchimbwa na nyota zenyewe. Nyota kubwa mno haifi kimya. Hulipuka, na mlipuko husukuma gesi pembeni. Mwezi Februari mwaka 1987 mlipuko wa namna hii ulionekana katika lile wingu kubwa. Watu wa kusini mwa dunia waliuona kwa macho matupu, bila darubini.

Nyota inapolipuka hurudisha gesi angani, tena ikiwa imeongezewa vitu vipya vilivyopikwa ndani yake. Chuma cha jembe lako kilitengenezwa na nyota zilizokufa kabla jua halijazaliwa. Kwa hiyo gesi huzaa nyota, na nyota hurudisha gesi. Ni kama mkulima anayevuna mpunga, akala, na akaweka mbegu ya msimu ujao.

Lakini mkulima asiye na mbegu hapandi. Galaksi nayo ni hivyo hivyo. Ikipoteza gesi yake, nyota za zamani hubaki ziking'aa, lakini mpya hazizaliwi. Ndiyo maana wataalamu wanafuatilia gesi ya galaksi: iko wapi, inakwenda wapi, na nani anaichukua.

GESI INASIKIKA KWA REDIO

Utaniuliza, gesi isiyong'aa huonekanaje? Haionekani kwa macho. Husikika kwa redio.

Haidrojeni iliyo baridi hutoa mawimbi ya redio. Urefu wa kila wimbi ni sentimita 21, karibu shubiri moja ya mkono wako. Mwaka 1944 mtaalamu wa Uholanzi, Hendrik van de Hulst, alisema kwamba mawimbi hayo yanaweza kupatikana. Mwaka 1951 Harold Ewen na Edward Purcell waliyapata huko Marekani.

Tangu hapo wataalamu wametega masikio. Masikio yao ni masahani makubwa ya chuma. Hapa Afrika tunayo pia. Nchini Afrika Kusini kuna mtambo uitwao MeerKAT wenye sahani 64. Ulizinduliwa mwaka 2018. Moja ya kazi zake ni kupima gesi ya galaksi 30 zilizo jirani nasi.

Wimbi la haidrojeni halisemi tu kwamba gesi ipo. Linasema pia inakwenda upande gani na kwa kasi gani. Gesi ikija kwetu, wimbi hufupika kidogo. Ikituacha, wimbi hurefuka. Kwa njia hii wataalamu huchora ramani ya mwendo wa gesi, kama vile wewe unavyojua mkondo wa maji hata usiku.

MVUTO UNAOJAZA MAJI MBUCHI

Kabla hatujaendelea, turudi kwenye maji yetu.

Kwa nini maji hujaa na kupwa? Kila kitu kizito huvuta vitu vingine. Mwezi huivuta dunia. Lakini hauvuti pande zote kwa nguvu moja. Upande ulio karibu na mwezi huvutwa zaidi. Upande wa nyuma huvutwa kidogo. Tofauti hiyo huinyoosha dunia pamoja na bahari yake. Maji huinuka upande unaouelekea mwezi, na huinuka pia upande wa pili, ambao umevutwa kidogo. Dunia inapozunguka, pwani yetu hupita katika vilima vyote viwili vya maji. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili kwa siku.

Jua nalo huvuta. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi husaidiana. Siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi havisaidiani. Tunapata maji mafu.

Jambo la kukumbuka ni hili. Si mvuto peke yake unaojaza maji. Ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa karibu na upande wa mbali.

Mkulima wa delta akiusahau mvuto huu, anapata hasara. Mama mmoja alinionyesha shamba lake la mpunga. Kaa walikuwa wametoboa tuta. Alisema, "Nitaziba kesho." Usiku ule maji ya bamvua yakaingia. Asubuhi maji ya chumvi yalikuwa yamesimama juu ya mpunga mchanga, na mpunga ukafa. Mbegu yake ikapotea, na msimu ulikuwa umekwisha kusogea.

MAWINGU MAWILI YANAVUTANA

Sasa panda nami tena angani.

Yale mawingu mawili nayo yanavutana. Na galaksi yetu, iliyo kubwa kuliko yote mawili, inayavuta. Upande wa karibu huvutwa zaidi, upande wa mbali huvutwa kidogo. Ni mvuto wa kujaa na kupwa, ule ule wa Mbuchi. Tofauti ni kwamba hapa kinachovutwa ni galaksi nzima.

Nini hutokea? Nyota na gesi vyote huvutwa. Lakini gesi iliyo pembezoni haikushikwa sana na galaksi yake. Hiyo hutoka kwanza.

Mwaka 1963 wataalamu wa Australia walieleza kwamba kati ya wingu kubwa na wingu dogo kuna daraja la gesi. Pale unapoona giza tupu, gesi imeyaunganisha mawingu mawili. Wataalamu wanakadiria kwamba mawingu hayo yaligongana miaka kama milioni 150 hadi 200 iliyopita, na gesi ikavutwa kutoka wingu dogo.

Mwaka 1974 ilielezwa habari kubwa zaidi. Nyuma ya mawingu hayo kuna mkia mrefu wa gesi. Unaitwa Mkondo wa Magellan. Kama macho yetu yangeweza kuona haidrojeni, tungeuona mkondo huo ukipita zaidi ya nusu ya mbingu. Umegawanyika nyuzi nyuzi na mafungu mafungu, kama mto Rufiji unavyogawanyika mikono kabla ya kufika baharini.

Fikiri basi. Gesi hiyo ingeweza kuwa nyota za mawingu yale. Sasa imemwagika nje. Ni kama mbegu iliyobebwa na maji kutoka ghalani.

Je, imepotea kabisa? Hapana. Wataalamu wanaona kwamba sehemu ya gesi hiyo inaweza kuifikia galaksi yetu baada ya miaka mingi sana. Galaksi yetu inatumia gesi yenye uzito wa jua moja hadi mawili kila mwaka kuzaa nyota. Isipopata gesi mpya kutoka nje, akiba yake itakwisha. Kwa hiyo hasara ya jirani mmoja inaweza kuwa akiba ya mwingine.

Mambo haya hayatokei kwetu tu. Kuna galaksi tatu jirani, M81, M82 na NGC 3077, zilizo umbali wa safari ya nuru ya miaka milioni 12 hivi. Katika picha za kawaida kila moja inaonekana iko peke yake. Mwaka 1994 wataalamu walichapisha ramani ya gesi iliyopimwa kwa redio. Kumbe zimefungamana kwa kamba ndefu za gesi! Zilipita karibu zikavutana. Mvuto huo ulikusanya gesi katikati ya M82, na sasa nyota zinazaliwa humo kwa haraka sana.

Basi mvuto unaweza kupora gesi, na unaweza pia kuikusanya. Maji ya mto hufanya hivyo hivyo. Hukata ukingo mmoja, na huleta udongo mzuri ukingo mwingine.

UNGO WA ANGANI

Iko njia nyingine ya galaksi kupoteza gesi. Habari hii inapitia pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru. Siku hiyo setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco. Jukwaa hilo lilisimama baharini, karibu na Malindi. Setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973.

Uhuru ilitafuta mionzi ya eksirei kutoka angani. Ni mionzi kama ile ya hospitali inayopiga picha ya mifupa. Vitu vyenye joto kali sana hutoa mionzi hiyo. Uhuru ilipima makundi ambayo yana galaksi nyingi pamoja. Ikaona kwamba mionzi haitoki katika galaksi tu. Inatoka pia katika nafasi iliyo kati yake. Kumbe nafasi hiyo imejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake ya eksirei za angani.

Sasa galaksi ikikimbia ndani ya gesi hiyo ya moto, huwa kama inapigwa na upepo. Wewe umepepeta mpunga. Unajua ungo unavyofanya kazi. Upepo huchukua makapi mepesi, na punje nzito hubaki. Angani ni hivyo hivyo. Nyota ni nzito na zimejibana, hubaki. Gesi ni nyepesi na imetanda, huchukuliwa. Tofauti ni kwamba mkulima hutupa makapi, lakini galaksi hutupa mbegu yake.

Galaksi yetu nayo imezungukwa na gesi ya moto, japo ni nyembamba. Mawingu ya Magellan yanapita ndani yake. Kwa hiyo Mkondo wa Magellan umetokana na mvuto, na upepo huu nao umesaidia. Wataalamu bado wanapima kila kimoja kimechangia kiasi gani.

JIBU LA MZEE

Nilirudi Mbuchi nikamtafuta yule mzee. Nikamweleza yote haya, tukiwa tumekaa kwenye ubao wa mtumbwi wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo upepo hauyachukui mawingu yale?"

"Upepo wetu hauyafikii, mzee. Lakini yanao upepo wao, na yanayo maji yao ya kujaa na kupwa."

"Basi na wao wajenge matuta," akasema.

Tulicheka sana. Lakini ndugu msomaji, neno lake ni zito. Galaksi haiwezi kujenga tuta. Haina mikono, wala haijui mvuto utakuja lini. Wewe unajua. Unaweza kuhesabu siku za mwezi. Unaweza kuziba tundu la kaa kabla ya bamvua. Unaweza kuweka mbegu mahali pa juu, pakavu, mbali na maji.

Wala usiwe na hofu juu ya mambo ya angani. Mawingu yale hayatatuangukia leo wala kesho. Mwendo wao hupimwa kwa mamilioni ya miaka. Yatakuwapo Desemba ijayo, pale pale juu ya mikoko. Waonyeshe watoto wako, uwaambie ni kitu gani.

Na kumbuka hili. Usiku mzuri wa kuyatazama ni usiku wa giza, mwezi unapoandama. Siku hizo ndizo za bamvua. Basi ukitoka nje kutazama mbingu, pita kwanza shambani ukatazame tuta lako.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mawingu ya Magellan ni galaksi mbili zilizo jirani na galaksi yetu.
2. Gesi ya haidrojeni ni mbegu ya nyota. Galaksi isiyo na gesi haizai nyota mpya.
3. Tofauti ya mvuto ndiyo inayojaza maji Mbuchi. Ndiyo pia inayovuta gesi kutoka galaksi moja kwenda nje.
4. Galaksi inayopita katika gesi ya moto hupoteza gesi yake, kama makapi yanavyotoka katika ungo.
5. Ziba matuta kabla ya siku za bamvua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku?
2. Wataalamu wanajuaje kwamba kuna gesi mahali penye giza?
3. Katika kijiji chako, watu hutambuaje kwamba bamvua imekaribia? Hufanya nini kulinda mashamba?